Maswali Yenu ya Bahari: Yale Maziwa Ndani ya Mnyoo wa Chambo

Mwezi huu meseji zenu karibu zote ni za minyoo ya baharini na mi nimefurahi kweli, maana hawa viumbe nawapenda toka utotoni. Babu yangu alikuwa mvuvi wa mshipi na kazi yetu sisi wajukuu maji yakipwa ilikuwa kumchimbia chambo, nilikuwa na kopo langu la bati la maziwa ya unga nalijaza afu nalifunika na mwani mbichi wasife na jua. Kwa iyo leo sijachanganya mada, ni minyoo tupu, na hasa yale maswali ya wanazaanaje maana ndo yalikuwa mengi.

Dada habari ya kazi. Mi navua mshipi huku Tanga. Kuna siku nikimkata mnyoo wa chambo yanatoka maji meupe kama maziwa, siku nyingine mnyoo ule ule wa aina moja anatoa uji wa kijani. Wenzangu wanasema ule weupe ni usaha, mnyoo mgonjwa huyo, tupa. Kuna ukweli?
*Mvuvi, Tanga*

Salama kaka, pole na kazi. Si usaha na huyo mnyoo haumwi kitu, tena ukimkuta hivyo ujue umemkuta amepevuka hasa. Yale maziwa ni mbegu za kiume, na ule uji wa kijani au wa njano ni mayai, yaani siku ile umemkata dume na siku nyingine umemkata jike.

Iko hivi. Hawa minyoo wenye pingili, wale wenye vijimiguu na vinywele pembeni huku na huku, wengi wao hawana korodani wala kifuko cha mayai cha kudumu kama mbuzi au kuku. Ukimpasua taratibu utaona utumbo mmoja umenyooka toka mdomoni mpaka mkiani, na kati ya utumbo na ngozi kuna nafasi imejaa majimaji. Sasa chembe za uzazi zinachomoka zikiwa changa kabisa zinaingia kwenye yale majimaji, humo humo zinaelea, zinanenepa, zinakomaa, wiki kwa wiki, mpaka mnyoo mzima anakuwa kama soseji iliyoshindiliwa. Ndo maana popote utakapopitisha kisu yanamwagika, hujakata kiungo cha uzazi, umekata ghala.

Siku nyingine ukiwa na nafasi fanya hivi, chukua tone moja moja uweke kwenye kifuniko cheusi cha chupa, uongeze maji ya bahari kidogo. Mayai utayaona kwa macho, ni punjepunje kama semolina laini. Yale meupe hayana punje hata ukikodolea vipi, ni kama tone la maziwa linalosambaa tu, maana mbegu moja ya kiume ni ndogo mno, humo kwenye tone zipo mamilioni.

Na kuna jambo la kusikitisha kidogo hapa. Jamii moja kubwa ya minyoo hawa, wanaoitwa nereidi, wengi wao wanazaa mara moja tu maishani na baada ya hapo wanakufa. Kwa iyo ukimkata akiwa amejaa hivyo umemkata siku chache kabla ya ile kazi moja aliyoishi kuisubiri. Sikwambii uache kuvua kaka, watoto wanakula kwa hiyo mishipi. Ila kama kopo lina minyoo kumi, na kati yao umeona mmoja kavimba anang'aa weupe au ukijani ngozini, mi ningemrudisha topeni nikatumia wale tisa.

Mwalimu wa bayolojia hapa Mombasa. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wamenishika kwa swali: hawa minyoo kila mmoja yuko shimoni kwake na hatoki, sasa mbegu ya dume inafikaje kwenye yai la jike?
*Mwalimu, Mombasa*

Mwalimu wapongeze hao vijana maana hilo swali ndo lenyewe. Ukiliangalia vizuri utaona mambo yote ya ajabu ya minyoo ya baharini, mengine mtayasoma huko chini, ni majibu ya swali hilo hilo: bahari ni kubwa, mbegu ni ndogo na hazidumu, ukizimwaga tu ovyo maji yanazizimua mpaka hazina maana. Ni kama utie kijiko kimoja cha sukari kwenye kisima. Kwa iyo kila aina ya mnyoo imebidi itafute njia yake ya kupunguza umbali au ya kupatia saa.

Nikupe mfano ambao umechunguzwa sana, ni mnyoo wa Ulaya anaitwa Arenicola marina, Waingereza wanamchimba kwa chambo kama sisi tunavyochimba wetu. Anaishi kwenye fukwe za mchanga wenye tope, shimo lake limepinda kama herufi U, anameza mchanga upande mmoja na upande wa pili anautoa, juu unaona vile vichuguu vya mchanga uliojisokota kama tambi. Huyu hatoki kwenda kumtafuta mtu. Vuli ya kule ikifika, mwezi wa kumi na wa kumi na moja hivi, ubongo wa dume unatoa homoni. Kabla ya hiyo homoni mbegu zake zimefungamana mafungu mafungu na hazina hata nguvu ya kutikisika, homoni ikizifikia zinaachana na zinaamka zote kwa pamoja. Na wachunguzi walipoichambua hiyo homoni wakakuta ni asidi ya mafuta tu, kitu cha kawaida kabisa mwilini, ila kwenye saa ile ndo ufunguo.

Sasa dume anazisukuma mbegu juu ya mchanga wakati maji yamekupwa. Hapo ndo pazuri mwalimu. Hazimwagi baharini, anazimwaga nchi kavu! Ukipita ufukweni asubuhi hiyo unaona vidimbwi vyeupe vidogo vidogo juu ya mchanga kama kuna mtu kapita na kopo la maziwa linavuja. Mbegu zinakaa pale, nzito, hazijazimuliwa. Maji yanapoanza kujaa yanakuja kama utando mwembamba tu wa sentimita chache juu ya tambarare nzima, yanazibeba zile mbegu zikiwa bado nyingi nyingi pamoja na kuzipitisha juu ya midomo ya mashimo ya majike. Na jike huko chini muda wote anavuta maji kwa ajili ya kupumua, kwa iyo pumzi anayovuta ndo inayomletea mbegu. Mayai keshayataga ndani ya shimo, yanarutubishwa hapo hapo, na watoto wanakaa shimoni kwa mama siku kadhaa kabla ya kutoka.

Waambie wanafunzi wachore maji yakiwa na kina cha kidole halafu wachore yakiwa na kina cha mtu, waweke nukta za mbegu idadi ile ile kwenye michoro yote miwili. Wataelewa wenyewe kwa nini dume anasubiri maji yapwe.

Wapo na wengine wanaoishi kwenye vimirija, jamii ya spionidi, wao dume anazifunga mbegu kwenye vifurushi vidogo anaviachia vielee na jike anavidaka kwa zile nyuzi zake mbili ndefu za kichwani anazokamatia chakula. Akishavipata anazihifadhi mbegu mwilini mpaka mayai yawe tayari.

Shikamoo. Niko chuo mwaka wa pili, Dodoma. Kila nikisoma historia ya sayansi ya viumbe vya bahari naona majina ya wazungu tu. Hivi hakuna mtu mweusi aliyewahi kufanya jambo kubwa kwenye hii mada?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Marahaba mdogo wangu. Yupo, na kwenye mada hii hii ya minyoo na mbegu zake, nami nasema wazi kwamba ni mmoja wa watu ninaowaheshimu kuliko wote. Anaitwa Ernest Everett Just. Kazaliwa 1883 Charleston, South Carolina, huko kusini mwa Marekani enzi ambazo mtoto mweusi kusoma ilikuwa kazi kwelikweli, mama yake alikuwa mwalimu. Akamaliza chuo cha Dartmouth 1907, akaenda kufundisha Howard, chuo kikuu cha watu weusi pale Washington, na kuanzia kiangazi cha 1909 akawa anaenda Woods Hole, Massachusetts, kwenye maabara ya bahari, kufanya kazi chini ya profesa Frank Lillie. Hakuacha kwenda, viangazi karibu ishirini.

Sasa jiwekee picha. Ni usiku, jua limezama, yuko kando ya bwawa la maji ya chumvi linaloitwa Eel Pond, ana taa na kanyavu kadogo. Minyoo inayokaa topeni mwaka mzima, Nereis hao, usiku huo imetoka. Tena haifanani na ilivyokuwa, macho yamekuwa makubwa, miguu ya nyuma imetanuka kama makasia, utumbo umesinyaa maana hawali tena, wamekuwa viumbe vya kuogelea tu. Madume yanatangulia, membamba, mbele mekundu nyuma meupe kwa mbegu, yanakimbia mizunguko mizunguko kwenye mwanga wa taa. Majike yanakuja pole pole, makubwa, ya kijani cha manjano. Dume akimpata jike anamzunguka, anamwaga mbegu maji yanakuwa na ukungu, na jike hapo hapo anamwaga mayai yote, anabaki kama mfuko mtupu, anazama, anakufa. Just na Lillie wakaandika 1913 kwamba hii haitokei ovyo, inafuata mwezi, kila mwezi wa kiangazi inaanza karibu na mwezi mpevu na kuendelea kuelekea giza la mwezi.

Kisha Just akaja na jambo ambalo hata leo ukimsimulia mtu anadhani unamtania. Kulikuwa na mnyoo mwingine pale pale, Platynereis megalops. Huyu hamwagi kitu majini. Dume anajisokota kwenye mwili wa jike, anamzunguka mpaka anaufikisha mkia wake kwenye taya za jike, jike anaung'ata, na mbegu zinaingia mdomoni. Ndio mdogo wangu, mdomoni. Na kwa kuwa utumbo wa jike kwa wakati ule umeshachakaa na kupasuka, mbegu zinapita moja kwa moja mpaka kwenye nafasi ya mwili yalipo mayai, zinayarutubisha humo ndani, na jike anayataga muda huo huo. Hiyo aliichapisha 1914.

Mtu mwingine angeishia pale, angesema ajabu hii, akafunga daftari. Just akauliza kwa nini. Akachukua mayai akayatia kwenye maji ya bahari kwanza ndo akaleta mbegu: hayarutubishwi. Akachukua mengine akayakutanisha na mbegu pakavu kabla hayajaguswa na maji, ndo akatia maji: yakarutubishwa. Kumbe yai la mnyoo huyu likiguswa tu na maji ya bahari mlango umefungwa. Kwa iyo ile ya kupitisha mbegu mdomoni si kituko, ni kwamba kwa yai la namna hiyo hakuna njia nyingine, mbegu lazima ifike kabla maji hayajafika. Ni majaribio ya vibakuli na uvumilivu tu, hayakuhitaji mashine yoyote, na yanajibu swali lote. Mi kila nikiyasoma nanyanyuka kwenye kiti.

Mwaka 1915 akapewa nishani ya Spingarn, ile wanayopewa Wamarekani weusi waliofanya makubwa, wa kwanza kabisa kuipata, 1916 akachukua shahada yake ya uzamivu (PhD) Chicago. Na bado hakuna chuo kikubwa cha wazungu nchini kwake kilichompa nafasi ya utafiti, na hili linaniuma kulisema lakini ndivyo ilivyokuwa. Kuanzia 1929 akawa anaenda Ulaya, Napoli, Berlin, baadaye Ufaransa, huko akapumua. Wajerumani walipoivamia Ufaransa 1940 wakamshika wakamzuia kambini, akaachiwa akarudi kwao, na 1941 akafariki kwa saratani akiwa na miaka 58. Marekani wakaja kumtolea stempu ya posta 1996. Mtafute, msome, na kwenye semina yenu mtaje majina yake yote matatu.

Wazee wetu wa Kilwa wanafuata mwezi kwa kila kitu, bamvua, maji mafu. Vijana wanasema ni ushamba. Je hao minyoo kweli wanajua mwezi, au ni maji tu yanawasukuma?
*Msomaji, Kilwa*

Wanajua mwezi, na hilo limethibitishwa maabara kabisa ambako hakuna maji kupwa wala kujaa. Kuna ndugu yake yule wa Just, anaitwa Platynereis dumerilii, anafugwa kwenye mabakuli huko Ulaya miaka na miaka. Mjerumani Carl Hauenschild alionyesha kwamba ukiwawashia taa hafifu usiku kwa siku chache kila mwezi, kama mbalamwezi ya kutengeneza, wanapanga kuzaa kwao kufuatana na hiyo taa. Na 2022 watafiti wa Vienna wakaeleza protini moja kwenye mnyoo huyo, L-Cry, inayomsaidia kutofautisha mwanga wa jua na wa mwezi. Kwa iyo kalenda ya wazee iko mpaka kwenye protini.

Mwezi unawapa usiku, lakini usiku mmoja ni mrefu, dakika je? Hiyo ni kazi ya harufu. Jike wa huyu dumerilii akimwaga mayai anatoa na asidi ya yuriki, hii hii inayotuletea sisi ugonjwa wa jongo ikizidi mwilini, na dume akiinusa anamwaga mbegu papo hapo. Yaani mwezi ni mwaliko wa harusi, harufu ndo vigelegele.

Wanaoishi kwa hiyo kalenda hasa ni watu wa Samoa na Fiji. Wana mnyoo wao wa kwenye miamba ya matumbawe, palolo, Fiji wanamwita balolo. Mwezi wa kumi au wa kumi na moja, robo ya mwisho ya mwezi, huyu hatoki mwenyewe, anamtuma nusu yake! Sehemu ya nyuma iliyojaa mbegu au mayai inakatika, inaogelea yenyewe mpaka juu, zinakutana maelfu kwa maelfu, zinapasuka, maji yanakuwa mazito. Kichwa na kifua vimebaki salama ndani ya jiwe na kitaota mkia mwingine kwa ajili ya mwakani. Basi watu wanaingia majini usiku ule na nyavu, taa na ndoo, familia nzima nzima, wanachota, wengine wanakula mbichi wengine wanakaanga na mayai na vitunguu. Wasamoa wana ua lao la mosooi, wanavaa mashada yake wakienda kuvua palolo, na hilo mosooi ni langilangi letu hili hili la Unguja na Pemba, lile la kwenye vikuba. Nilivyolijua hilo nilikaa kimya kidogo nikiwafikiria bibi zetu.

Na kule Bermuda kuna mnyoo wa moto, Odontosyllis enopla, siku chache baada ya mwezi mpevu, kama dakika 55 baada ya jua kuzama, jike anapanda juu anazunguka duara akitoa mwanga wa kijani, na madume yanachomoka chini nayo yanawaka kumfuata. Wapo wanaosema mwanga ambao Columbus aliuona baharini 1492 usiku wa kuamkia kufika nchi kavu ulitokana na ndugu za mnyoo huyu.

Wape salamu wazee wa Kilwa.

Mwanangu wa miaka kumi na minne kaniambia kuna mnyoo ambaye mume anaishi tumboni kwa mke maisha yake yote. Nikamwambia aache uongo. Nimuombe msamaha?
*Mama, Muscat*

Muombe dada yangu, yuko sahihi. Ni Bonellia viridis wa bahari ya Mediterania. Jike ana mwili wa kijani kama kitango kidogo, amejificha mwambani, ana mkonga unaoweza kunyooka mpaka mita moja. Dume ana milimita moja mpaka tatu basi, kama kipande cha uzi, yumo ndani ya kifuko cha uzazi cha jike na hana kazi nyingine zaidi ya kurutubisha mayai yanapopita.

Na mwambie mwanao hili kama hajafika nalo. Mtoto wa Bonellia akizaliwa anaelea, hajawa dume wala jike. Akitua peke yake chini baharini, mara nyingi atakuwa jike. Akitua kwenye mkonga wa jike aliyekomaa, kemikali za yule mama zinamfanya awe dume, anaingia ndani. Aliyelifanyia majaribio hili ni Mswisi Fritz Baltzer mwanzoni mwa karne iliyopita. Yaani jinsia inaamuliwa na mahali ulipoangukia.

Wapo na wengine walioonekana juzi juzi tu, Osedax, yaani walaji wa mifupa. Mwaka 2002 chombo cha kuzamia kisicho na mtu kilikuta mzoga wa nyangumi kwenye kina cha karibu mita 2,900 huko Monterey, California, mifupa imeota vitu vyekundu kama manyoya. Wote waliokuwa wanaonekana ni majike, yamezamisha mizizi ndani ya mfupa. Madume wakayatafuta wee mpaka walipotazama ndani ya mrija wa jike kwa hadubini, wakakuta vijidume vidogo mno vimejazana, jike mmoja anaweza kuwa navyo zaidi ya mia. Havili, vinaishi kwa akiba ya kiini cha yai vilichozaliwa nacho na kutengeneza mbegu. Fikiria ulivyo mbali mzoga mmoja wa nyangumi na mwingine gizani huko, jike akishapata mfupa hana uhakika wa kuonana na dume baadaye, bora akae nao hapo hapo.

Naongoza wapiga mbizi Watamu. Naona wale bapa wenye rangi nzuri wanaoogelea kama kitambaa. Mgeni kaniambia wanapigana kwa uume. Nimjibu nini akirudi?
*Mpiga mbizi, Watamu*

Mjibu kwamba ni kweli kwa baadhi yao. Hao ni minyoo bapa, hawana pingili, si jamii moja na wa chambo. Kila mmoja ni huntha, ana mbegu na ana mayai. Wachunguzi Nico Michiels na Leslie Newman waliandika 1998 kuhusu Pseudoceros bifurcus wa Great Barrier Reef, Australia: wawili wakikutana wanasimama wima, kila mmoja anajaribu kumchoma mwenzake mahali popote kwenye ngozi na kumwachia mbegu, na wakati huo anakwepa asichomwe yeye. Inaweza kuchukua mpaka saa nzima. Sababu ni kwamba aliyechomwa anabaki na kidonda cha kuponya na mzigo wa mayai ya kulisha, aliyechoma anaondoka mwepesi.

Lakini usimwache mgeni akaondoka na hiyo tu akadhani mahuntha wote ni wagomvi. Kuna kamnyoo kadogo ka milimita chache, Ophryotrocha diadema, Mtaliano Gabriella Sella alikachunguza akachapisha 1985, wao wanafanya kama mama zetu wa upatu. Wanakaa wawili wawili, leo mimi nataga we unarutubisha, siku chache mbele we unataga mi narutubisha, na mayai wanatoa kidogo kidogo kwa kila zamu. Anayetoa yote mara moja hana cha kumfunga mwenzake arudi, kwa iyo hawatoi yote.

Shikamoo shangazi, mi nina miaka 13 naishi Unguja, nataka kuwaona wakizaliana kwa macho yangu. Nifanyeje?
*Msomaji mdogo, Unguja*

Marahaba mwanangu, swali lako nimeliweka la mwisho kwa makusudi maana nimelipenda. Minyoo ya jamii hizi iko bahari zote na yetu pia. Kwanza usiende peke yako, mwombe baba au kaka akupeleke gatini, mahali penye sakafu imara na maji yaliyotulia. Chagua usiku wa giza, siku chache baada ya mwezi mpevu kabla mwezi haujachomoza, au karibu na mwandamo. Mkifika fungeni tochi kwenye kamba muishushe karibu na uso wa maji, msiiguseguse, mkae kimya nusu saa. Kwanza watakuja dagaa wadogo na uduvi, subirini. Ukiona kitu chembamba kama uzi mwekundu kinazunguka duara kwa kasi ambayo hujawahi kuona mnyoo akienda, mchote na maji yake kwa ndoo nyeupe, usimshike kwa mkono maana wengine wanang'ata na wengine vinywele vyao vinawasha. Nenda usiku mmoja, ukikosa nenda na wa pili, na wa tatu, uandike kwenye daftari mwezi ulikuwa na siku ngapi tangu uandame na maji yalikuwaje. Siku ukibahatika kuchota wawili watatu wa aina moja weka ndoo chini, mulika kwa pembeni, angalia tu. Maji yakianza kuwa na ukungu mweupe kama kuna mtu katia tone la maziwa, mwite kaka haraka aje aone, maana haichukui muda.